Mtoto wa Miaka Kumi na Mmoja

Wanamwita mtoto wa jicho.
Huyu hakuwa mtoto.
Alikuwa mzee wa kahawia, mgumu kama kokwa la ukwaju,
amekaa mlangoni pa mboni miaka kumi na mmoja
na ufunguo kaumeza.

Bibi Nyanzobe wa Kayenze alilala chali chini ya darubini,
miguu imetokeza nje ya shuka,
nyayoni magamba ya dagaa, hata baada ya sabuni mara mbili.
"Daktari," alisema, "ukichoka niambie, tupumzike wote."
Ganzi ilikuwa imeshaingia.

Jicho la kushoto lilikufa zamani.
Mtu mmoja wa ng'ambo ya ghuba alilimiminia majani yaliyopondwa;
siku ya tatu likachemka, ya saba likazima.
Kwa hiyo hapakuwa na la akiba.
Nilikuwa na jicho moja, asubuhi moja,
na mkono wa kulia ambao usiku ule
niliulalia vibaya.

Nikachana weupe wake kwa juu,
chale ndogo, kama tabasamu la mtu asiyekuamini.
Mboni ikakataa kufunguka.
Nikaibembeleza kwa dawa. Ikakataa.
Nikaivuta kwa ndoana mbili nyembamba,
ikafunguka shingo upande,
kama mwenye duka aliyeamshwa na mtu wa mkopo.

Ndipo nikaziona nyuzi.
Lenzi ya mtu hushikiliwa na nyuzi pande zote,
kama wavu na kamba zake.
Za Bibi, upande wa pua, karibu nusu zilikuwa zimekatika.
Ukivuta kwa pupa mzigo wote unazama nyuma,
kwenye kina ambacho sina mtumbwi wa kukifikia.

Ng'walu, muuguzi, akaacha kuhesabu pamba.
Nje korongo waligombana juu ya mawe.
Nilifikiria kufunga. Kushona, kutoka, kusema: imeshindikana, Mungu mkubwa.
Hakuna ambaye angenilaumu.
Hilo ndilo lililonitisha.

Nikazungusha. Robo.
Nikangoja.
Maji kidogo. Robo nyingine.
Jasho likashuka kwenye nyusi, Ng'walu akalifuta kabla sijaomba.
Na akatoka, kama mtoto kweli,
kichwa, kisha ubavu,
akateleza juu ya kijiko cha chuma
nami nikajikuta nimesema, kwa sauti, "Karibu."
Ng'walu alicheka hadi barakoa ikamshuka puani.
Lenzi mpya nikaipachika pale nyuzi zilipobaki,
nikiomba zisinikumbuke kwa ubaya.

Kesho yake nikafungua bandeji.
"Mwangaluka, mayu."
Kimya. Akanitazama kidevuni, akapanda taratibu.
"Sauti yako," alisema, "ni ndefu kuliko wewe."
Halafu: "Mtoto wangu mmempeleka wapi?
Nimembeba miaka yote hiyo.
Hata kondo huzikwa."

Kanuni inasema ndoo nyekundu.
Nilimletea kwenye shashi,
amekauka, mdogo kuliko punje ya mbaazi.
Bibi akainama. Akaona weupe wa shashi.
Mwenyewe hakumwona.
Mshipa wa nyuma ulichakaa kabla hajanifikia,
na kwa huo sina kisu.
Akamtafuta kwa kidole, akampata,
akamfunga kwenye pindo la kanga
pale anapofungia nauli.

Nikanyoosha vidole vinne, hatua tatu kutoka kitandani.
"Vitatu."
"Tazama tena, mayu."
"Vitatu. Hicho kingine niwekee,
nitakuja kukichukua."

Nikaandika: anahesabu vidole, mita tatu.
Sikuandika kwamba mtu alikuwa ameacha kiti katikati ya njia,
na Bibi Nyanzobe, akielekea mlangoni,
mikono yote miwili imeshika mfuko wake,
alikizunguka.